Lenzi ya Nyumba ya Mama Obadiah

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile kule Mghange zilinifika kooni. Nilikuwa nimesimama uani kwa Mama Obadiah, kamera shingoni, nataka kuipiga picha nyumba yake nzima, na nyumba haitaki kuingia. Nikipata mlango na dirisha la kushoto, la kulia limekatika. Nikilifuata la kulia, la kushoto limekwenda. Nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi tena, na hatua iliyofuata haikukuta ardhi.

Milimani kwa Wataita ua umechongwa kwenye mteremko. Mbele ya mlango pana nafasi ya kuanikia maharagwe, kisha ukingo, na chini ya ukingo ni shamba la jirani. Niliporomoka hadi katikati ya miwa ya Mzee Silvanus, kamera nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

"Huyu Mkamba amemaliza miwa yangu!" alipiga kelele mzee mwenyewe. Kama nimevunjika mguu hakuuliza.

Mama Obadiah alinyoosha mkono kutoka juu akanivuta. Alikuwa mjane, jina lake Jedidah, na nyumba ile ya mawe aliijenga yeye na marehemu mumewe, mawe wakiyabeba kichwani kutoka mtoni. Sasa bati lilikuwa linavuja na hakuwa na uwezo wa kulibadilisha. Kamati moja ya kanisa, yenye makao Mombasa, ilikuwa inatafuta nyumba ya kupanga milimani iwe zahanati. Nyumba tatu zilikuwa zimetajwa, yake ikiwa mojawapo. Masika yalikuwa yameharibu barabara, hakuna gari linalopanda ila lori la mboga, basi wanakamati wakasema wapelekewe picha: nyumba nzima kwa mbele, na chumba cha wagonjwa kwa ndani. Wakiipenda, Mama Obadiah angebaki katika vyumba vya upande na kuishi kwa kodi. Wasipoipenda, mwanawe angemchukua Mombasa, na nyumba ingefungwa.

"Mombasa nitakaa wapi mimi?" aliniambia huku akinipangusa matope. "Nikae kwa mkwe wangu nihesabiwe chumvi?"

Sikucheka. Mwanamke huyo alikuwa ameniokoa maisha. Mwaka niliotoka Kitui, kabla sijafungua studio yangu karibu na stesheni ya Voi, nilipanda Mghange kupiga picha za harusi na homa ikaniangusha barabarani. Sikuwa na ndugu huku, na Kidawida, lugha ya Wataita, sikukijua hata neno. Alinilaza chumba cha nyuma, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akaninywesha uji kwa kijiko mpaka nikaweza kushika kikombe mwenyewe. Tangu hapo namwita mama, na si kwa adabu tu.

Chumba hicho ndicho kilichokusudiwa wagonjwa. Niliingia na kamera nikaegemea ukuta kabisa, kisogo kikagusa chokaa. Nikapata kitanda bila dirisha, kisha nikapata dirisha bila kitanda. Ilikuwa wazi kwamba lenzi yangu, nzuri kwa sura za maharusi, haikufaa kwa nyumba.

Nikashika treni ya Mombasa.

Muuza kamera, Bwana Popat, alinijua kwa ubishi wangu, akaniwekea lenzi tatu kwenye kaunta bila kuniuliza hali. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Kijerumani, pana sana. Niliitia kwenye kamera nikaona duka lote, hadi paka aliyelala chini ya dawati. Nikauliza bei. Kwa bei hiyo ningenunua baiskeli na bado ningebaki na pesa za kununulia viatu, nikairudisha taratibu kama mtu anayerudisha yai kiotani.

Ya pili haikuwa lenzi hasa, bali kioo cha kuchomeka mbele ya lenzi uliyo nayo. Ilikuwa rahisi mno, na pana pia. Moyo ukanidunda kwa furaha. Kisha nikaielekeza kwenye mlango wa duka la ng'ambo ya barabara, na miimo ya mlango ikavimba kama pipa.

"Wateja wanapenda hiyo," alisema Bwana Popat. "Vitu vyote inaingia."

"Inaingia ikiwa imepinda," nikamjibu. "Nani atapanga nyumba yenye kitambi?"

Akacheka, akanisukumia ya tatu. Ilikuwa ya mkono wa pili, ina mkwaruzo ukingoni, na pete yake ngumu kama kifuniko cha mtungi wa asali. Upana wake ulikuwa wa wastani tu. Lakini miimo ya mlango ilisimama wima, na mkwaruzo haukuonekana nilipochungulia. Nikasimama pale nikipima moyoni: pana inayonishinda bei, pana inayosema uongo, au hii ya wastani inayosema kweli. Nikachukua ya wastani, na njia nzima ya kurudi nikawa naiomba radhi kwa kuitilia shaka.

Shaka yenyewe haikuwa bure. Uani kwa Mama Obadiah, nikiwa nimesimama visigino ukingoni, nyumba iliingia karibu yote. Karibu! Pembe moja ya paa ilibaki nje. Nilitukana kwa Kikamba, lugha ambayo nilidhani hakuna anayeielewa.

"Matusi hayo nimeyasikia Voi sokoni," alisema Mzee Silvanus kutoka chini. Nilijua amekuja kudai miwa yake, nikaanza kujitetea. Akanikata. "Kwani unataka nini hasa?"

"Nafasi ya kusimama huku nyuma, mzee. Hewani."

Akautazama ukingo, akaitazama nyumba, kisha akaelekeza kidole kwenye dungu lake, jukwaa la miti ambalo hukaliwa mahindi yakikomaa ili kuwafukuza nyani. Lilikuwa mbali kidogo, pembeni mwa shamba. "Hiyo inaweza kuja hapa," alisema.

"Itasimama wapi? Hapa pana miwa."

"Miwa si ulishailalia?"

Akawaita watu. Wakalikata miguuni, wakalibeba zima zima mabegani, wakalisimika palepale nilipoangukia, na miwa mingine ikalala siku hiyo. Nikapanda. Nikawa nimesimama sawasawa na ua, lakini nyuma yake, juu ya hewa tupu. Nikachungulia. Mlango, madirisha yote mawili, paa pembe kwa pembe. Nilipiga picha huku machozi yakinisumbua, na Mzee Silvanus akashika nguzo ya dungu kwa mikono miwili asije akapoteza miwa zaidi.

Ndani, Mama Obadiah alikuwa amefagia na kutandika shuka jeupe. Nilipochungulia, dirisha likaingia, kitanda kikaingia, na kando yake kile kigoda, mguu mmoja umefungwa kamba.

"Ngoja nikitoe," alisema. "Kinatia aibu."

"Mama, usikiguse." Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. Siku zote nilikikumbuka kitanda na kigoda pamoja, na sasa nilikuwa na lenzi ya kuvionyesha pamoja.

Mvua zilipokatika, karani wa kamati, Bwana Phineas, alipanda mwenyewe. Nilikuwepo. Alizunguka nyumba, akaingia chumba cha nyuma, akaitoa picha yangu mfukoni na kuilinganisha.

"Nyumba zingine vyumba vyao ni vikubwa," alisema. "Lakini daktari wetu aliishika hii hakuiachia. Akasema hapa mgonjwa ako na mahali pa kulala, na mwenye kumuuguza ako na mahali pa kukaa. Tumechukua hii, mama."

Mama Obadiah alikaa kitandani ghafla, mikono mapajani, akaanza kulia bila kujificha. "Asante," alikuwa akisema, mara kwa karani, mara kwangu, mara kwa dirisha ambapo Mzee Silvanus alikuwa amechomoza kichwa.

Nikavuta kile kigoda, nikakaa kando yake. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukikalia.