Sharubu za Kuuzia Asali

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe niliuchora kwa mkono wangu.

Mimi ni mchora mabango, Gongoni. Gaudensia, mfuga nyuki wa Kipalapala, alikuja nimchoree lebo ya chupa zake za asali, akataka sura yake mwenyewe iwe kwenye lebo hiyo. Nikacheka.

"Dada, nani ataamini mwanamke mwembamba hivyo anarina asali? Asali inataka mwanamume. Sharubu! Kitambi!"

Kwa kuwa kitambi cha karibu kilikuwa changu, nikajichora mimi.

Asali ileile iliyokuwa ikisusiwa, watu wakasema sasa imekuwa tamu. Tajiri Murtadha, mwenye maduka mjini, akatuma salamu: atakuja kuiona mizinga, na akiridhika atachukua asali yote ya msimu. Kwa Gaudensia huo ndio ungekuwa mwisho wa kutembeza chupa moja moja mpaka Kitete.

Nikatangulia kufika mizingani kama mwenye asali, suti na manukato. Murtadha akashuka garini, akamwona Gaudensia, akasema, "Binti, tuletee viti." Kisha yeye, ambaye angeweza kunizaa, akanigeukia mimi: "Shikamoo, mzee wa asali!"

"Marahaba," nikaitikia bila haya.

"Hebu tufungulie mzinga mmoja."

Gaudensia akaninong'oneza, "Fundi, nyuki hawapendi manukato."

"Niachie. Haya mambo ya wanaume."

Nikafungua. Waliotoka mle hawakujali sharubu. Nilikimbia mpaka kwenye mihogo ya jirani, koti likabaki kwenye miiba ya njiani. Niliporudi, jicho moja limeziba na mdomo unaning'inia, Gaudensia alikuwa ameshavaa wavu wake usoni, amefukiza moshi, amerina, na Murtadha analamba vidole.

"Asali ndiyo yenyewe," akasema tajiri. "Ila nikubaliane na nani? Wa kwenye chupa ni huyu, na sasa hafanani hata na yeye mwenyewe."

"Ngojeni nipungue uvimbe," nikasema, kwa shida.

"Tungoje," Murtadha akaafiki. "Binti, usinune. Biashara hii inataka sura ya mwanamume."

Gaudensia akafunika ndoo yake, akanisukuma taratibu mpaka mbele ya tajiri.

"Sura hiyo hapo, mzee wangu. Mpeleke dukani ukamkamue. Akitoa asali, andikianeni mkataba."