Doa la Shingoni

Jumanne jioni, zamu ya Bi Mkubwa ilipofika, fundi cherehani aliingia, akavua shati aende kuoga. Mkewe akaona doa la zambarau shingoni, pana kama kisoda. Hakuuliza. Alijisemea tu moyoni, kumbe Bi Mdogo, yule mtoto wa watu, ana meno.

Akasali, lakini ilikuwa sala ya mdomoni, Mungu amsamehe. Miaka ishirini na mbili na mume huyu, hajawahi kumwachia hata alama ya ukucha.

"Kidonda cha mguu vipi?" aliuliza.

"Kinakauka. Hii antibayotiki ya zahanati ni kiboko. Leo siku ya nane."

"Naona inakunawirisha."

Asubuhi fundi alipiga mswaki akatema povu jekundu. Bi Mkubwa aliliona, akalipuuza, maana wivu ulishamkalia macho yote mawili.

Kabla ya adhuhuri Bi Mdogo alibisha hodi, akaingia bila kungoja jibu.

"Dada, nakuheshimu. Lakini ukitaka kunionyesha kuwa bado umo, usinichoree kwenye mwili wa mume. Nimempitia kwenye kibanda chake cha kushonea sasa hivi, mikono yote madoa. Jana alivyotoka kwangu hayakuwepo."

"Mimi? Mdogo wangu, meno yenyewe yanaanza kunihama. Na la shingoni nalo nimelitia mimi?"

"Hilo si langu. Nilidhani kola imemsugua."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu waolewe na mume mmoja, walifikiri kitu kimoja: yuko wa tatu.

Walikwenda kibandani bega kwa bega, kanga zimekazwa viunoni. Wakamkuta fundi amefunga kidole kitambaa kilicholowa damu.

"Sindano imenichoma tangu saa mbili," alisema. "Damu haikatiki. Mbona mmekuja wawili, nani kafa?"

Bi Mkubwa aliinama akampandisha suruali. Miguu ilijaa vidoa vyekundu, vidogo kama ncha za pini. Akabonyeza kimoja kwa kidole gumba, hakikufifia.

"Hii si kazi ya mwanamke," alisema taratibu. "Chukua vile vidonge. Twende hospitali."

Majibu ya damu yalipotoka, daktari hakuficha.

"Chembe zinazogandisha damu zimeshuka mno. Ni hiyo dawa. Wengi huinywa wakapona. Mmoja kati ya maelfu humharibia damu. Mngechelewa, angeweza kuvujia damu kichwani. Haimezi tena, na leo analala hapa. Madoa yalianza lini?"

Bi Mkubwa akajibu, "Mimi nililiona la shingoni jana jioni. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Wivu, daktari."

Bi Mdogo akainamisha kichwa. "Mimi niliona moja ubavuni tangu Jumapili, alipotoka kwa dada huyu. Nikanyamaza vilevile."

Jumapili. Bi Mkubwa alimshukuru Mungu kwa uhai wa mume, na papo hapo kitu kikamchoma: hata kuliona doa ametanguliwa.

Siku ya tano chembe zilikuwa zimepanda, fundi akaruhusiwa. Daktari aliandika kadi yenye jina la dawa ile, kwamba asipewe tena maisha yake yote. "Nani ataitunza?"

Mikono miwili ikanyooka pamoja.

Daktari akaandika ya pili. Bi Mkubwa aliziomba zote mbili, akazisoma herufi kwa herufi, ahakikishe ya mwenzake haikuzidi neno.