Pua ya Getini

Hakuna taka duniani inayoweza kuipita pua yangu. Itie kwenye gunia, ifunike turubai, mimi nikivuta hewa mara moja tu nakwambia: hizi karatasi, hizi mbao, hizi nguo za mtu aliyehama bila kuaga.

Ndiyo maana lori la mabaki ya karakana lilipofika getini, sikuona haja ya kuyamwaga kwanza kwenye sakafu ya ukaguzi na kuyachambua kwa reki, kama tunavyotakiwa. Dampo letu hupokea taka za kawaida, zisizo na sumu. Tena siku hiyo bosi alikuwa anachagua mkaguzi wa kudumu wa geti, nami nilitaka aone kasi yangu. Pua ilikuwa nzito kidogo. Nikainusisha hivyo hivyo.

"Mbao tupu! Pita, kaka, moja kwa moja shimoni!"

Lori likainua mgongo. Mbao zikaporomoka, na katikati yake likabingirika pipa la buluu lenye picha ya fuvu. Likapasuka. Moshi wa njano ukaanza kufuka.

Mama yangu! Shangazi, aliyenitafutia kazi hii, alikuwa huko huko chini na reki yake, na tingatinga lilikuwa linarudi nyuma kulielekea pipa! Miguu ilinitangulia. Nikadandia dirisha la tingatinga.

"Zima, mzee! Zima!"

Akazima, tairi likikaribia kulibusu pipa. Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma.

"Kimbilieni upepo unakotoka! Msiguse kitu!"

Shangazi alitoka mbio, sijawahi kuona! Tukazungusha kamba, tukalizuia lori, wataalamu wa sumu wakapigiwa simu.

Bosi akafika anahema. "Nani kaligundua hilo pipa?"

"Mimi, bosi. Nimelinusa hata moshi haujatoka. Pua hii!"

Bosi akachukua koti la mkaguzi, lile linalong'aa, akaanza kunivalisha.

"Pua ipi?" Shangazi akadakia. "Huyu ana mafua tangu juzi! Asubuhi sufuria imeungua mpaka jirani katugongea mlango. Yeye kakaa kando ya jiko ananiuliza, 'Shangazi, kwani leo hatupiki?'"

Watu wakaangua kicheko. Bosi hakucheka. Alimgeukia dereva wa lori.

"Hebu niambie. Mzigo wako ulimwagwa sakafuni kwanza?"

Dereva akanitazama. Mkono wangu mmoja ulikuwa bado ndani ya koti.

Nikapiga chafya.