Weupe Juu ya Nyanya

Étienne alikuwa akionja dawa ya wadudu kama mpishi anavyoonja chumvi. Alikoroga ndoo kwa kijiti cha muhogo, akakiinua, akaacha tone moja lianguke kwenye ncha ya ulimi, kisha akafumba macho kama mtu anayesikiliza. Ulimi ukiuma, dawa imekolea. Usipouma, aliongeza kifuniko kingine. Baba yake alipima hivyo enzi za pamba, na wapiga dawa wote wa Runingu walipima hivyo, maana maandishi ya kwenye chupa yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, tena kwa lugha ambayo hata mwalimu hakuijua.

Alikufa mvua zilipokuwa zikianza. Mikono ilitangulia kutetemeka, udende ukafuata, mboni za macho zikasinyaa hadi zikawa kama tundu za sindano. Ndugu zake hawakumpeleka hospitalini. Walimpeleka kwa mganga wa kutapisha, naye akamnywesha majani, akachungulia beseni, akaonyesha kipande cha nyama alichodai kimekaa tumboni mwezi mzima.

"Karuho," alisema mganga. Ndiyo ile sumu ambayo watu wa bondeni huitaja kwa sauti ya chini, inayotiwa katika pombe au mchuzi na kumla mtu polepole.

"Nani alimpikia nyama?" aliuliza Feza, mama yake Étienne, akiwa anamtazama mkwe wake Olive usoni.

Wanawake waliokuja matangani walilia na Olive, wakamshika mabega, wakamfuta machozi. Lakini kila mmoja alikuja na maji yake mwenyewe katika chupa.

Olive alijua kilichomuua mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa akifua shati lake la kupigia dawa, lile la buluu lililolowa mgongoni kila siku kwa sababu pompi aliyoibeba mgongoni ilivuja. Alilifulia katika mfereji unaonywesha mashamba, na mara nyingi alipolisuuza, visamaki vilielea matumbo juu, vyeupe, kama punje za mchele uliomwagika. Ngozi ya viganja vyake ilibambuka. Siku moja baada ya maziko alimweleza mama mkwe hayo yote, pole pole, bila kumlaumu mtu.

Feza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dawa inaua wadudu," akasema. "Mwanangu alikuwa mdudu?"

Siku ya kuondoa matanga, ndugu waligawana vitu vya marehemu. Bruno, mdogo wake, alichukua baiskeli, pompi, na lile shati la buluu. Likabaki shamba la nyanya kando ya mfereji. Feza alikata shauri mbele ya wote: Olive alilime msimu mmoja. Mavuno yakipata gari la mnunuzi wa Uvira, akae. Yakiozea shambani, afunge mizigo yake arudi kwao Mutarule, shamba awe nalo Bruno.

Olive akalima bila dawa. Hakuwa na pompi, na hata angekuwa nayo asingeibeba. Alichanganya vitunguu kati ya mistari ya nyanya. Alimwaga majivu penye mashina. Umande ukiwa bado mbichi alipita jani kwa jani, akitoa viwavi kwa mkono na kuvitumbukiza katika kopo la maji ya sabuni. Majani yenye madoa aliyachuma na kuyachoma mbali. Wapita njia walisimama kumtazama wakacheka, wakisema mjane wa Étienne amekuwa kuku. Aliinama, akaendelea. Katika kuinama huko alipata kulia bila kuulizwa.

Nyanya zikazaa. Hazikuwa nyingi kama za Bruno ng'ambo ya mfereji, lakini zilikuwa ngumu, nyekundu, zinang'aa kama vikombe vilivyooshwa.

Amandine, mnunuzi wa Uvira aliyezoa nyanya za bonde zima, alishuka garini, akachukua moja, akaisugua kwa kidole gumba. Akakitazama kidole.

"Dawa iko wapi?"

"Sikupiga, dada. Viwavi nilitoa kwa mkono."

"Kwa mkono!" Amandine akawageukia wapakiaji. "Jamani, mwenzenu anachunga viwavi kama ng'ombe!" Walipomaliza kucheka, akarudisha nyanya kikapuni. "Mama, miye ninabeba tomati mpaka soko la Mulongwe. Mteja anatafuta ule weupe wa dawa. Asipouona, anasema hii haijatibiwa, kesho itaoza."

"Haziozi. Beba kikapu kimoja tu, ujionee."

"Kujionea ni kwako. Hasara iko ya kwangu."

Feza alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kutazama mchezo.

"Mwambie basi kwa nini anaogopa dawa," akasema. "Mwenye sumu jikoni hana haja ya kununua ya dukani."

Amandine hakuuliza maana. Aliutazama mkono wake ulioshika nyanya, akaupangusa kwenye kitenge, upande wa ndani na upande wa nje.

"Nitapita tena siku ya soko," akasema akipanda gari. "Zikiwa nyeupe, nabeba zote."

Olive alirudi nyumbani, akatwanga muhogo, kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kupiga. Unga ulimpanda hadi viwikoni. Alipookota nyanya moja aipike, kidole chake kiliacha alama juu yake, nyeupe, kavu, yenye vumbi laini. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaipangusa. Akaitia alama tena.

Kesho yake alichekecha unga ule kwa kitambaa, akaukoroga katika maji mengi, akaenda shambani na fagio la nyasi. Alichovya, akarashia nyanya, akachovya tena. Jua la bondeni halichelewi. Weupe ulikauka papo hapo juu ya wekundu. Olive akakumbuka jinsi walivyompaka Étienne poda usoni kabla ya kumfunika, ili waombolezaji waone mtu aliyelala vizuri. Hata siku ile, alifikiri, watu walitaka weupe tu.

Siku ya soko Amandine alisugua nyanya, kidole kikatoka cheupe, uso ukamkunjuka.

"Hii sasa ndiyo tomati! Unaona, Mama? Ukisikia la mtu, unakula."

Wapakiaji walibeba vikapu vyote. Gari lilipotokomea kwenye vumbi la barabara ya Uvira, Feza aliinuka kwenye kreti yake, akaikung'uta kanga yake.

"Basi, kaa," akasema. Akaondoka.

Olive alisubiri furaha ije. Haikuja. Kilichokuja ni sauti ya Bruno kutoka ng'ambo ya mfereji.

"Shemeji! Umerudi kwenye dini!" Alikuwa amesimama karibu na ndoo yake, amevaa shati la buluu la kaka yake. Macho yake yalikuwa mekundu na alimeza mate mara kwa mara. "Ulipiga lini? Sikusikia pompi."

"Nilitumia fagio."

"Ulitia vifuniko vingapi? Weupe ule hata kaka hakuupata. Zangu ziko zimepauka tu, yule Amandine amenikatalia nusu."

Olive alifungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi: unga. Lakini neno huvuka mfereji hata bila daraja. Lingefika kwa Feza kabla ya chakula cha jioni, na kwa Amandine kabla ya soko lingine, na yeye angekuwa njiani kwenda Mutarule na sufuria zake kichwani.

Bruno hakungoja jibu. Alitia kifuniko, akakoroga, akainua kijiti.

"Usionje, Bruno."

Alisimamisha kijiti hewani, akacheka. Kilikuwa kicheko cha Étienne, kilekile.

"Weye ndiye wa kunikataza kuonja? Heri nionje hii kuliko mchuzi wako."

Tone likaanguka. Akafumba macho.

"Bado," akasema, akaongeza kifuniko. Akaonja tena. Akaongeza kingine.

Olive alikuwa amesema mara moja. Alipotafuta sababu ya kusema mara ya pili, aliona chupa za maji za wale wanawake, aliona mkono wa Amandine ukipanguswa upande wa ndani na upande wa nje. Chini ya kucha zake unga ulikuwa bado mweupe.

Bruno alijitwisha pompi, akaanza mstari wa kwanza. Unyevu ukajichora mgongoni mwa shati, palepale ulipozoea kujichora, ukashuka taratibu kuelekea kiunoni.

"Shemeji!" aliita bila kugeuka. "Hili shati jioni utanifulia? Mke wangu ana mimba, harufu yake inamchefua."

Upepo wa ziwa uligeuka, ukaleta harufu upande wake. Mfereji ulipita kati yao, maji safi, visamaki vikicheza penye kivuli cha majani.

"Lilete," alisema Olive.

Akainama, akageuza jani, akatoa kiwavi.