Asilimia Sabini ya Duara

Naitwa Doto, natengeneza tovuti hapa Nyasubi, Kahama, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la simenti. Mteja anayetaka tovuti huwa hana maneno ya kuweka. Anataka kwanza aone ukurasa unavyopendeza, maneno ataleta kesho. Kwa hiyo sisi mafundi huweka maneno ya kushikia nafasi, na duniani kote wanatumia Kilatini kilichovurugwa. Nilikitumia miaka mitatu, na kila mteja aliniuliza kama nimemtukana.

Nikachoka, nikatengeneza kitu changu, nikakiita Porojo. Unakiambia unataka aya ngapi, unabonyeza, kinakutapikia Kiswahili safi kisichosema chochote. Ili kijifunze, nilikilisha risala za marehemu baba yangu, Mzee Valerian, aliyekuwa katibu wa kila kikundi kilichowahi kupata mgeni rasmi mtaani kwetu. Daftari sita. Nilimpenda sana baba, ndiyo maana iliniuma kuona mashine imemwelewa ndani ya dakika nne.

Mwaka jana kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo, nje kidogo ya mji, kiliniomba tovuti. Mwenyekiti wao, Onesmo, alitaka picha yake iwe kubwa. Katibu wao, Bhoke, ambaye sote tunamwita Mama Suzana, alitaka jambo moja tu: duara lifukiwe. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na hili lilikuwa limetelekezwa, futi arobaini kwenda chini, hatua tatu kutoka njia ya watoto wa shule. Mbuzi wawili walishatumbukia. Suzana, bintiye wa miaka saba, anapita pale mara mbili kwa siku, na mvua zikianza majani huziba mdomo wa shimo usijue lilipo.

Mgeni rasmi alikuwa anakuja, mkubwa mmoja ambaye cheo chake nakihifadhi. Mama Suzana akaandika risala ya nusu ukurasa, yote inahusu shimo, akaipiga picha hiyo karatasi na kunitumia kwa simu ili niiweke kwenye tovuti. Nikamwambia Jumatatu itakuwa tayari. Kwa muda, chini ya kichwa "Risala kwa Mgeni Rasmi", nikaweka aya tano za Porojo.

Mgeni akaja Jumamosi, siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu yangu. Onesmo aliambiwa asubuhi, akafungua tovuti, akakuta risala ndefu yenye heshima zake, akakimbilia steshenari wakamchapishia na kuitia kwenye jalada la plastiki. Kwa kawaida risala husomwa na katibu, lakini palikuwa na kamera, kwa hiyo akaisoma mwenyewe.

Nilikuwa chini ya turubai, mstari wa pili, soda mkononi. "Ndugu mgeni rasmi," akaanza, "ujio wako ni chachu ya mwendelezo wa juhudi shirikishi katika kuimarisha misingi ya uwajibikaji, kwa kuzingatia hali halisi iliyopo." Watu wakapiga makofi. Mimi nikayatambua maneno ya Porojo. Ningeweza kusimama na kusema ukweli. Sikusimama. Niliogopa, na woga huo sijausahau. Mama Suzana alikaa na karatasi yake mapajani, akisubiri shimo litajwe, mpaka Onesmo akamkabidhi mgeni jalada kwa mikono miwili.

Mgeni akasimama, akasema hajawahi kusikia risala iliyoshiba kama ile. Kisha akasema, "Ombi lenu nimelipokea, na ninalifanyia kazi."

Baadaye Onesmo alinikumbatia. Msukuma akifurahi hurudi kwenye lugha ya kwao: "Ng'wanawane, mwanangu, umetuheshimisha." Mama Suzana hakunikumbatia. Nilimweleza kila kitu nikiangalia viatu vyangu. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Aliuliza tu mvua zinaanza lini.

Wiki tatu baadaye ikaja barua yenye muhuri na sahihi ya mkubwa mwenyewe: utekelezaji wa ombi lenu umefikia asilimia sabini. Mimi nilicheka. Mama Suzana aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia nivae shati la maana twende.

Ofisini kwa mkubwa tulimkuta karani anaitwa Edward, mtu mpole. Mama Suzana akaweka barua mezani.

"Ombi letu ni duara la njia ya shule," alisema. "Mmeandika asilimia sabini. Nimekuja nionyeshwe hiyo sabini, maana leo asubuhi nimepita pale na ni shimo zima."

Edward akalitoa jalada, akaisoma risala tangu mwanzo, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Akarudia. Jasho likamtoka. Kusema ombi halimo ni kusema mkubwa wake ametia sahihi hewa. Akaniangalia mimi, mwenye shati la maana.

"Aya ya tatu," nikasema. "Changamoto za miundombinu."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema kumbe, akaandika, akagonga muhuri. Alhamisi tipa litakuja.

Na Alhamisi tipa likaja kweli. Tulikuwa watu wengi, Onesmo yuko mbele na simu yake anapiga picha. Dereva akamwaga tripu mbili za kifusi, akafunga bodi, akawasha gari. Mama Suzana akamsimamisha, akamwuliza anakwenda wapi na shimo bado liko wazi. Dereva akamwonyesha karatasi yake ya kazi. Asilimia sabini ilishafanyika, inasomeka hapo. Yeye ametumwa kumalizia thelathini.

Akaondoka. Mama Suzana akafunga jiwe kwenye kamba, akalishusha, akapima. Zimebaki futi ishirini na nane.

Onesmo alikuwa na furaha hata hivyo. Kazi imekamilika asilimia mia moja, alisema, na ni ustaarabu tumwandikie mgeni risala ya shukrani. Akamgeukia katibu wake.

Wanawake wa kikundi walikuwa wameshaanza kuleta makarai na majembe. Mama Suzana akavua kandambili.

"Hiyo iandikwe na mashine ya Doto," alisema. "Doto mwenyewe ashike koleo."