Meza ya Waume na Wake

Kaka yangu Maftah alinicheka miaka mingi. "Mwanawetu, mwanamke mzima unakusanya nyuso za waume za watu!" Nikimwambia kwamba sarafu ya mwanamume peke yake siipokei hata kwa bure, anazidi kucheka. Asiyejua maana haambiwi maana. Sarafu ya mkubwa peke yake ni ya kununulia chumvi. Mimi nilitaka zile za ukumbusho, zinazomwonyesha mkubwa na mkewe bega kwa bega, maana nani alimpikia huyo mkubwa, nani alimwambia ukweli chumbani?

Zilinifikia dukani kwetu Mengo, kwenye bizari na vitambaa vya kanzu. Mahujaji waliniletea, na madereva wa malori ya Mombasa, na wauguzi wa Kizungu waliokuwa wakirudi kwao. Mfalme wa Uingereza na malkia wake. Mfalme wa Misri na bibi arusi wake. Hao walishaachana zamani, lakini kwenye fedha bado wamegandana. Mfalme wa Uhabeshi na malkia wake. Mimi sioni haya kujisifu: Kampala nzima hakuwapo mwingine mwenye kitu kama kile.

Ikaja Julai ya 1975, wakuu wa Afrika wakakutana mjini kwetu. Hoteli moja kubwa iliandaa maonyesho ya kazi za wananchi, nami nikaitwa. Usingizi ulinipaa kwa furaha. Nilishona kitambaa cha bahameli nyeusi, nikaandika kadi kwa mkono wangu: Mkusanyaji ni Mwanawetu binti Habib, Mengo. Nilitaka jambo moja tu duniani: wote wakae meza moja, hata asikose mmoja, na watu wajue ni nani aliyewakusanya.

Asubuhi ya ufunguzi, kabla wageni hawajaingia, akaja Kapteni aliyesimamia maonyesho. Alizunguka meza yangu na fimbo yake kwapani.

"Huyu nani?"

"Mfalme wa Uhabeshi na mkewe, afande."

"Huyu walipindua mwaka jana. Toa. Na huyu wa Misri?"

"Naye alipinduliwa, lakini ni zamani."

"Toa. Hapa hatuonyeshi watu ya kupinduliwa." Akaendelea kugusa kwa fimbo, toa, toa, mpaka bahameli ikabaki na mapengo kama mdomo wa kizee. Kisha akaniinamia. "Na Rais yetu iko wapi?"

"Sarafu yake na mkewe bado haijatoka, afande."

"Mke yupi?" akauliza mfagizi mmoja nyuma yetu, bila kufikiri. Rais wetu alikuwa na wake wengi, na wengine alishawaacha. Mfagizi akainamia ufagio wake kama aliyeona dhahabu sakafuni.

Watu walikuwa wakipotea siku zile kwa neno dogo kuliko hilo. Ulimini nilikuwa na methali, aliye juu mngoje chini, nikaimeza nzima nzima. Lakini hasira nayo ilikuwa imepanda, na hiyo sikuweza kuimeza.

"Afande," nikasema, "mimi sikukusanya viti vya enzi, nimekusanya ndoa. Wakitoka hawa, wanatoka wote."

"Basi toka na wote! Na kwa geti wakague kila kitu, moja moja. Hii fedha isije ikawa ya hoteli."

Nikakunja bahameli, nikaenda zangu huku machozi ya hasira yakinitoka. Getini nilimkuta sajini mrefu wa kaskazini, jina lake Obwona, ameshapigiwa simu.

"Pole, mama," akasema. "Amri nasema niangalie moja moja."

Akanipa meza yake ya ukaguzi. Nikatandika bahameli, nikapanga sarafu upya, wote mahali pao. Obwona akaokota ya kwanza. "Hii nani?" Nikamweleza. Akaiweka taratibu, akaokota ya pili. Kwa kuwa geti lilikuwa moja, wageni wakaanza kurundikana: madereva, wajumbe waliovaa majoho mapana, mabibi wenye vilemba vya Afrika Magharibi. Kila mmoja akanyoosha shingo. Ndipo nikamwona Obwona anavyotabasamu kwa chini chini, na nikamwelewa. Sauti yangu ikapanda yenyewe.

Tulipofika kwa Misri, Kapteni akaja mbio. "Sajini! Kwa nini unachelewesha wageni?"

Obwona akapiga saluti hadi vumbi likatimka. "Afande, nafuata amri yako. Moja moja."

Kapteni akawatazama wajumbe, wajumbe wakamtazama yeye. "Endelea," akasema, meno nje.

Ya mwisho ilikuwa ya Uhabeshi. Obwona akaishika kwa vidole viwili. "Huyu si ndiyo walipindua?"

"Ndiye."

"Na mama?"

"Mama alitangulia kufa. Lakini mimi niliwapokea wawili, na kwangu watabaki wawili."

Obwona akainua sarafu ile juu ya vichwa vya watu, ili na wa nyuma waone, akapaza sauti ya paredi: "Hii yote ya Mama Mwanawetu binti Habib, wa Mengo!"

Wageni wakapiga makofi. Na Kapteni, kwa kuwa wageni wanapiga, naye akapiga.