Vikaratasi vya Mama Mkasi

Kiwanda chetu kilishona sare za shule, nami nilikuwa msimamizi wa cherehani kumi na mbili. Mwaka ule meneja alimpeleka chuoni mkataji wetu, tuliyemwita Mama Mkasi, akasome wiki tatu. Aliporudi aliacha kukata saizi moja moja. Alipanga saizi zote pamoja juu ya kitambaa, zikabanana hata mabaki yakawa haba, na kila kipande akakibandika kikaratasi chenye namba.

Tulizoea kutoa mashati mia tatu na hamsini kwa siku. Sasa yakatoka mia mbili na sabini, na mengi yalikuwa na mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi.

"Chuo gani hicho kinafundisha kushona vilema?" mshonaji wa dirishani alimtania.

"Mwenzangu, mimi nakata, sishoni," alijibu Mama Mkasi, akaendelea kukata.

Meneja alimpa Mama Mkasi neno moja tu: "Mpaka Ijumaa. Hali ikibaki hivi, unarudi kushona vifungo, na hakuna atakayekwenda chuo tena."

Jumatano mchana niliona vile vikaratasi vimejaa kwenye pipa la taka. Ni mimi niliyewaamuru washonaji wavibandue kwanza, visinase kwenye sindano. Miaka ishirini na sita kazini, niliona aibu kumuuliza mkataji ni vya nini. Nilizunguka zunguka mpaka saa tisa, ndipo nikaingia kwa meneja.

"Kosa ni langu, bosi. Yeye ulimsomesha, sisi tukabaki gizani. Zima mashine nusu saa atufundishe."

"Nusu saa, mzee? Unajua ni mashati mangapi?"

"Najua. Najua na yanayoharibika."

Mashine zikazimwa. Mama Mkasi akatuonyesha: vipande vyenye namba ile ile ni vya saizi moja, huungwa pamoja, na kikaratasi hubanduliwa mwisho.

"Kumbe! Si ungesema, shoga?" alisema yule wa dirishani.

"Nani aliniuliza?"

Wote wakacheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Ijumaa yalitoka mia tatu na tisini na mawili, mabovu manne. Meneja aliyahesabu mara mbili, akamwambia Mama Mkasi abaki mezani pake.

"Na awamu ijayo," akanigeukia, "utakwenda wewe."

Nilitaka kusema kwamba umri umenitupa mkono. Nikauliza darasa linaanza saa ngapi.